Siku tano Mille Lacs: mimi, shemeji na besi wa kwenye mawe

Jumatano

Tumetoka Brooklyn Park, karibu na Minneapolis, saa tisa alasiri, mimi na shemeji, boti nyuma kwenye trela, chai kwenye chupa, chapati za dada yangu zimefungwa kwenye foili na zinanukia gari zima. Barabara ni ile ile 169 ya kaskazini, unapita Elk River, Princeton, Milaca, mahindi mashambani yameshakauka, halafu taratibu miti inakuwa mingi kuliko nyumba. Si mbali, kama maili 90 hivi, ila kila nikifika Onamia na kukata kulia kuifuata ile 27 moyo unanidunda vile vile kama zamani nikiwa mtoto tunakaribia kivuko cha Kisorya kwenda kwetu Ukerewe, unajua kabisa ziwa liko hapo mbele na bado hulioni.

Kwa wasiolijua, Mille Lacs ni ziwa la Minnesota ya kati, Marekani, zaidi ya kilomita za mraba 500, karibu duara. Ukisimama pale Isle upande wa kusini ukatazama kaskazini huoni ng'ambo. Na pamoja na ukubwa wote huo maji yake ni mafupi, penye kina kirefu kabisa ni futi 42, yaani mita 13 tu. Mtu aliyekulia Victoria anaweza kulidharau. Asilidharau hata kidogo, maji mafupi upepo ukiyashika mawimbi yanasimama wima na yanakuja yamebanana, moja halijapita lingine limeshafika, na boti yetu ni ya alumini ya futi 17, si meli.

Tulichokifuata ni samaki anayeitwa besi, wale wa mdomo mdogo. Wapo besi wa mdomo mkubwa pia lakini hao ni wa majani na matope, huyu wangu ni samaki wa mawe. Rangi yake kama shaba iliyosuguliwa, ubavuni ana mistari ya kusimama, jicho jekundu, na ukitaka kuwa na uhakika angalia taya, kwa huyu taya inaishia chini ya jicho, kwa yule mwenzake inapitiliza nyuma ya jicho. Hakui mkubwa. Rekodi ya Minnesota kwa uzito ni pauni 8, ilivuliwa West Battle Lake mwaka 1948, na mpaka leo watu wanahangaika nayo. Mtu wa Mwanza aliyezoea sangara wa kubebwa na watu wawili atauliza pauni 8 ndo nini? Jibu unalipata akishakula ndoano, siwezi kulieleza vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Tumefika saa kumi na moja na nusu jioni, kibanda cha kupanga kidogo, vitanda viwili na jiko la gesi. Shemeji kapasha dagaa alionunua duka la Kiafrika, tumekula na chapati. Leo hatuingii majini. Tumekaa tunafunga ndoano tu.

Alhamisi

Saa kumi na moja alfajiri tuko macho, jua lenyewe linatoka saa moja kasoro. Kwenye gati la kushushia boti tukawakuta watu wawili tu. Maji yalikuwa tulivu, ukungu mwembamba, na baridi ya kwenye vidole.

Maji ya Mille Lacs siku hizi ni maangavu mno, futi kumi chini unahesabu mawe. Hayakuwa hivyo. Mwaka 2005 waligundua humu kome wadogo wenye milia, wageni waliotoka Ulaya, wakazaliana wakawa wanachuja maji mchana na usiku, ziwa likang'aa. Wolai, yule samaki ambaye watu wa Minnesota wanampenda kama sisi tunavyompenda sato, hapendi mwanga mkali, akapungua na masharti ya kumvua yakawa makali. Besi yeye akanawiri. Septemba 2016 mashindano ya Bassmaster ya kuvua besi yalipoletwa hapa nchi nzima ikaona mizani, tangu hapo watu wanatoka mbali kumfuata. Mi habari ya viumbe wageni inanigusa, sisi tuliletewa sangara miaka ya hamsini na sitini na furu wetu wengi wakaisha, yakaja na magugu maji. Kwa hiyo nikiona maji haya mazuri ya kung'aa nayapenda ila najua kuna mtu kayalipia.

Sasa kuvua. Shemeji mwaka huu kafunga sona mpya, skrini kubwa, inakuonyesha jiwe moja moja na samaki akiwa pembeni yake. Asubuhi yote tulikuwa tunaendesha taratibu juu ya miamba kusini mwa ziwa tunaangalia skrini, tukiona vidoti tunasimama, tunashusha chambo moja kwa moja juu ya vichwa vyao. Futi 22, futi 25. Tunawaona kabisa wanapanda, wanakisogelea, wanageuka wanaondoka. Saa nne nzima hivyo! Tumepata wanne, mkubwa inchi 14. Mwenzangu alimkamata mmoja mzuri kama saa tano, akaruka nje mara mbili akitikisa kichwa, mara ya pili chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoano, likarudi kwetu peke yake likagonga boti kwa kelele. Shemeji hakusema kitu, alikaa chini akafunga ndoano nyingine.

Mchana betri ya ile mota ya umeme ya mbele ikafa. Tukatupa nanga ili tukae mahali, nanga ikaingia katikati ya mawe makubwa ikang'ang'ania. Tumeivuta upande huu, tumezunguka tumeivuta upande ule, wapi. Na upepo ukaanza kubadilika kutoka kusini kwenda magharibi, wingu jeusi linajijenga kule Garrison, kaskazini-magharibi mwa ziwa. Nikamwambia, "Shem, tukate." Akasema, "Ngoja kidogo." Nikamwambia tukate sasa hivi, kamba itapatikana dukani, akatoa kisu akakata. Tulifika nchi kavu mawimbi yanatupiga mgongoni, maji ndani ya boti yamefika vifundoni. Kwetu nimezika watu waliosubiri kidogo.

Ijumaa

Upepo wa kaskazini-magharibi tangu usiku, ziwa lote limekuwa jeupe, na sisi tuko kusini ambako yote yanaishia. Hakuna boti hata moja iliyoingia. Betri iko kwenye chaja.

Tumeendesha kwenda upande wa magharibi kwenye makumbusho ya Waojibwe, Mille Lacs Indian Museum, na nimefurahi kwamba upepo ulitupeleka. Hili ziwa lina wenyewe. Waojibwe wanaliita Misi-zaaga'igan, ziwa kubwa, na kabla yao walikaa Wadakota waliolihesabu kuwa takatifu. Mwaka 1837 Waojibwe walisaini mkataba wakatoa ardhi lakini wakabakiza haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga wao wa porini, baadaye serikali ya jimbo ikawa inawakamata kwa kufanya hayo hayo yaliyoandikwa, kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na mwaka 1999 wakashinda. Miaka 162 hiyo. Huo mpunga wa porini unaota wenyewe kwenye maji mafupi, mmoja anaendesha mtumbwi kwa upondo, mwingine anainamisha mabua kwa kijiti na kuyapiga kwa kingine, punje zinaanguka ndani ya mtumbwi, zinazodondoka majini ndio mbegu ya mwakani. Mimi nilisimama pale kwenye ule upondo muda mrefu sana, maana ni upondo tu, ni ule ule wa kwetu.

Jioni nikamtumia baba mdogo ujumbe wa sauti WhatsApp, yuko Ukerewe, amevua kwa mshipi na migonzo, ile mishipi mirefu ya ndoano nyingi, miaka arobaini. Shikamoo baba mdogo, nikamweleza yote, ziwa, mawe, skrini, samaki wanaoonekana na hawali. Kulikuwa kunakaribia kucha kwake. Akajibu baada ya nusu saa, nausikia upepo nyuma yake na jogoo, "Marahaba mwanangu. Hiyo televisheni sawa. Sasa chubwi lenyewe linakwambia nini huko chini?"

Nimeusikiliza huo ujumbe mara tatu. Sikuwa na jibu. Siku nzima ya Alhamisi chubwi langu halikugusa chini hata mara moja, lilikuwa linaning'inia mbele ya pua za samaki kama taa. Shemeji naye, ambaye ni mtu wa Mfangano, kisiwa cha Victoria upande wa Kenya, na sangara anamwita mbuta mpaka leo, akasema babake alikuwa anafumba macho mshipi ukiwa mkononi. Tukabadilisha mpango hapo hapo mezani.

Jumamosi

Upepo umeshuka, yamebaki mawimbi ya futi moja, mbili, mawingu mazito, nyuzi 9 za joto. Watu wengi wanapenda kioo cha maji, kwa samaki huyu mi napenda hivi, maji yaking'aa sana na jua likiwa kali anaona kila kitu, mawimbi yanavunja mwanga na boti hailijui jiwe inalopita juu yake wala samaki haijui boti.

Tulienda mpaka tukawa tunakiona Hennepin, kisiwa cha mawe matupu. Hicho na mwenzake Spirit ndo hifadhi ya taifa ya wanyamapori iliyo ndogo kuliko zote Marekani, vyote viwili havifiki ekari moja, membe, ndege wa majini wanaofanana na shakwe, wanatagia hapo, huruhusiwi kukanyaga na hatukukanyaga, tulikaa mbali. Tukazima injini. Tukazima na skrini. Boti ikaachwa ichukuliwe na upepo ubavu mbele, taratibu, na kila mtu akarusha nyuma ya boti akaacha chambo kiburute chini.

Chambo chenyewe ni kitu cha plastiki mfano wa kidole cha glovu, mkiani kimekatwa nyuzi nyuzi, rangi ya kahawia ya kijani, chubwi la gramu kumi limefichwa ndani na ndoano inatokea mgongoni. Kikiburuzwa kinafanana na kamba wa maji baridi, yule mdogo mwenye makucha mawili anayekaa chini ya mawe, na hicho ndo chakula anachokipenda besi kuliko vyote. Uzi ni ule mwembamba wa kusokotwa, hauvutiki, kwa hiyo chochote kinachotokea chini kinafika kwenye kidole. Mi naupitisha juu ya kidole cha shahada na sikiondoi.

Dakika kumi za kwanza sikuelewa kitu, kelele tu. Halafu ikaanza kujipanga. Mawe makubwa yanasema ngo, kimya, ngo, na unahisi chubwi linapanda, linaning'inia, linadondoka upande wa pili. Changarawe ni mkwaruzo wa mfululizo kama unasaga mahindi kwa jiwe. Mchanga hausemi kitu kabisa, uzi unateleza tu. Tope ni uzito, kama mtu kashika mshipi kwa mkono laini. Tulipita juu ya mwamba wote, ngo, ngo, ngo, hakuna aliyegusa. Mwamba ukaisha, ikaja changarawe, na pale pale mawe yanapoachia, kabla hata sijazoea mkwaruzo, uzi ukawa mwepesi. Haukuvutwa, haukugongwa. Ukawa mwepesi, kama chubwi limetoweka. Nikakunja rili haraka nikainua fimbo na kitu kikaondoka nacho kuelekea ziwani.

Besi wa namna hii havuti kama gogo. Anachimba, kichwa chini, unamsikia anapiga kichwa kwa nguvu fupi fupi, dudududu, ukidhani umemchosha anapanda kama risasi, anatoka majini mzima mzima, matamvua wazi, mgongo umekunjwa, halafu anarudi chini na uzi unalia tena. Nilipunguza breki ya rili nikamwacha akimbie. Shemeji kapiga magoti na wavu wa mpini, hasemi kitu, anasubiri aje mwenyewe. Alipoingia wavuni akatema kipande cha ukucha wa kamba kwenye sakafu ya boti.

Inchi 18 na nusu. Nikamwambia shem, hapa hapa, mwisho wa mawe.

Tukawasha injini tukazunguka mbali tukarudi juu ya upepo, tukajiachia tena. Kule kwenye mwamba wenyewe hamna, ukifika pale mawe yanapokutana na changarawe, futi 11 mpaka 13, yupo. Tumepita mara tisa na tumepata samaki kumi na saba wawili sisi, na sio bahati, kila mara nilikuwa nasema kimoyomoyo sasa, na inakuwa sasa. Nafikiri kamba wanajificha kwenye changarawe na mawe madogo, na besi anakaa mwisho wa mwamba kama mtu anayekaa mlangoni anaangalia wapita njia. Jua ama upepo ukibadilika inawezekana mlango ukawa upande mwingine, lakini leo ulikuwa huo.

Mkubwa alikuja kama saa tisa. Huyo hakuruka hata mara moja. Alikaa chini, akazunguka boti nzima, mimi nahama naye, naruka juu ya kasha la vifaa, fimbo imeingia majini mpaka nusu. Dakika ngapi sijui. Tulipomwona, mgongo wake mpana na mweusi, shemeji akasema kwa sauti ndogo sana, "Shem, polepole. Polepole." Inchi 20 na nusu, mzani ukasoma pauni 5 na robo. Kwenye maji baridi kama haya ambako wanakula miezi michache tu ya mwaka, besi wa inchi 20 anaweza kuwa na miaka zaidi ya kumi. Kamzidi umri binti yangu.

Kuanzia katikati ya Septemba sheria ya Minnesota ni kwamba besi hawa wote warudishwe majini pale pale, kwa sababu baridi ikikaribia wanakusanyika pamoja mahali pachache na mtu mmoja anaweza kuwamaliza. Miaka yangu ya mwanzo hapa nilikuwa naumia. Kwetu samaki akishaingia mtumbwini ni ada, ni mafuta ya taa, ni ugali wa jioni, huwezi kumwambia mama kwamba ulimshika ukampiga picha ukamwachia. Sasa hivi sioni kama nimepoteza. Nakumbuka sangara wa nyumbani walivyokuwa wakubwa na mialoni kulivyojaa, na nakumbuka kokoro, zile nyavu za kukokota, zilivyovuta mpaka vifaranga, sikuwahi kumsikia mtu yeyote kule gatini akisema huyu aachwe. Nililowanisha mikono kwanza, ukimshika kwa mkono mkavu unamtoa ute unaomkinga. Nikamshika taya kwa kidole gumba, mkono wa pili chini ya tumbo, nikamshusha ubavuni mwa boti. Alikaa hapo mkononi kama sekunde tano hivi, tamvua linafunguka na kufunga, jicho jekundu linaniangalia, mapezi ya mbele yanapepea, halafu nikahisi misuli yote inakaza mara moja na maji yakanirukia usoni.

Jioni nilimrekodia baba mdogo, nikamwambia mwisho wa mawe, futi 12. Alicheka tu, kile kicheko chake cha puani. Halafu akauliza mmempika vipi, ikabidi nianze kueleza sheria.

Jumapili

Baridi kali, nyuzi 3 alfajiri, kamba za boti zina barafu nyembamba. Miti ya ufukweni upande wa hifadhi ya Father Hennepin imeanza kuwa myekundu siku mbili hizi. Wiki chache zijazo ziwa litaanza kupoa kweli kweli, na likishaganda watu watakuja na vibanda vyao na magari watayaegesha juu ya haya haya maji tuliyoelea jana.

Tulikuwa na saa nne tu. Tukarudi pale pale, upepo mdogo wa kusini, boti inateleza upande tofauti na wa jana na mlango kweli ulikuwa umehama, samaki walikuwa kwenye kona ya mashariki ya mwamba, futi 9. Tulihangaika saa nzima mpaka tukawapata. Leo ilikuwa zamu ya shemeji. Alifumba macho. Nilimwona, mshipi kidoleni, kofia imeshuka, macho yamefumbwa, midomo inahesabu mawe, na alipoinua fimbo ilikunjwa mpaka mpini. Inchi 19 na robo. Alimshika muda mfupi, akamwambia maneno ya Kijaluo ambayo sikuyaelewa na sikumuuliza, akamwachia.

Saa tano tumetoa boti. Hapa sheria ni kali na mi naiunga mkono kwa mikono miwili, unang'oa kizibo cha chini maji yote yatoke, unatoa kila jani kwenye trela, unakagua nanga, kamba na mota, ndipo unaingia barabarani, ili kome wale wa milia wasihamie ziwa jingine. Kulikuwa na uzi mmoja wa jani la kijani umejiviringisha kwenye tairi la trela, shemeji alilala chini kwenye saruji yenye baridi akautoa kwa vidole.

Chapati zimeisha Milaca.